Matone Yaliyomkuza Binti Yangu

Binti yangu alizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, mwezi wa tano, baridi ilipoanza kuingia Likasi. Asubuhi ile nilikuwa kazini, katika duka la vifaa vya ujenzi mjini, nikimpimia mteja misumari. Nikasikia maji yanashuka miguuni. Mteja wangu, mama mtu mzima, aliangalia sakafu, kisha akaniangalia usoni.

"Mama," akasema, "acha misumari."

Ndiye aliyenishika mkono hadi barabarani, akasimamisha pikipiki, akanipandisha katikati, yeye akakaa nyuma na kunikumbatia kiunoni mpaka mlango wa hospitali. Sijawahi kumwona tena. Nimemwombea mara nyingi kuliko ninavyowaombea baadhi ya ndugu zangu.

Mume wangu ni fundi umeme kiwandani. Alipofika, kofia ya kazi bado iko kichwani, mtoto alikuwa ameshatoka. Alikuwa na uzito wa kilo moja na kidogo juu yake. Ngozi ilikuwa nyekundu, nyembamba, mishipa inaonekana yote, na mapajani hapakuwa na nyama hata ya kufinya. Alilia mara moja, sauti ndogo kama bawaba iliyokosa mafuta, akanyamaza. Walimpeleka mbio kwenye sanduku la kioo la kutia joto, lile tunaloliita kuvezi. Mume wangu aliuliza kama ni mvulana au msichana. Nilikuwa sijaangalia.

Mchana wake umeme ukakatika. Huku kwetu umeme ukikatika watu husema tu, "Mwadingusha," kwa sababu bwawa la umeme liko huko, na neno hilo linatosha kueleza yote. Jenereta ya hospitali ilikataa kuwaka. Mume wangu, ambaye kazi yake yote ni umeme, alitoka kwenda kuiangalia, akarudi na mikono myeusi na uso wa mtu aliyeshindwa. Kioo cha kuvezi kilianza kupoa.

Muuguzi wa zamu alikuwa mwanamke mfupi, mzito, mwenye sauti ya kuamrisha. Hakupoteza muda kulaumu mtu. Alimtoa mtoto, akamvalisha kofia ya sufu na nepi tupu, akanifungua vifungo vya gauni na kumlaza kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama chura. Halafu akachukua kikwembe changu, kitenge nilichokuja nacho, akatufunga pamoja kwa nguvu.

"Sasa weye njo kuvezi," akaniambia. "Weye haukatikake na umeme."

Nilicheka huku nalia. Nilikuwa naogopa hata kupumua, nisije nikamvunja. Lakini baada ya muda niliona vidole vyake vya mguuni, vilivyokuwa vya buluu, vinapata rangi. Mume wangu naye aliviona. Aliketi kwenye kona ya kitanda, akavua kofia yake, akasema polepole, "Iko moto. Mutoto iko moto."

Joto tulikuwa tumelipata. Kilichobaki kilikuwa chakula, na hapo ndipo taabu yenyewe ilipoanza. Mtoto wa ukubwa ule hajui kunyonya. Hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja. Walimpitishia mpira mwembamba puani hadi tumboni, na muuguzi akanieleza kwamba kitakachopita mle ni maziwa yangu, hata kama ni matone. Akanionyesha namna ya kukamua kwa mkono: vidole nyuma ya weusi wa titi, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Nikafanya hivyo hadi mkono ukafa ganzi. Hakikutoka kitu.

"Minye sina na maziba," nikamwambia.

"Iko. Mwili yako haiyajua bado kama umeisha kuzala. Tunaiambia. Tunaiambia tena na tena."

Jioni ile lilitoka tone moja. Lilikuwa zito, la manjano kama mafuta ya mawese yaliyopoa, likakaa kwenye ncha ya titi bila kuanguka. Muuguzi alilivuta kwa sirinji kana kwamba ni dawa iliyotoka ng'ambo. Baada yake lilikuja la pili. Yote pamoja hayakujaza hata kijiko cha chai. Aliyapitisha kwenye mpira, tukakaa tukiangalia tumbo la mtoto kama watu wanaoangalia chungu jikoni.

Kesho yake alifika mama mkwe wangu. Watoto wote wa familia humwita kaku, yaani bibi kwa lugha ya Kasai, na tangu nipate mtoto mimi pia namwita hivyo. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi, naye kaku alizaliwa hapa hapa, akaolewa hapa hapa. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, mwenye kutembea upesi. Aliingia na chupa ya chai iliyojaa uji mwepesi wa mahindi, akanisalimu, akamwangalia mjukuu wake kifuani pangu, halafu akaangalia kikombe kidogo nilichokuwa nakamulia. Ndani yake mlikuwa na unyevu tu.

"Hii njo chakula yake?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Mutoto hii iko na njala. Angalia mikono yake. Mutie uji kidogo mu ule mupira. Mwepesi, kama mayi."

Muuguzi alikuwa karibu, akasikia. Akasema kwa heshima lakini bila kupepesa macho kwamba uji utaharibu matumbo ya mtoto, ambayo hayajakomaa, na kwamba yale matone ndiyo yanayomlinda. Kaku alinigeukia mimi, na sauti yake ikawa imebadilika.

"Mwan'anyi, mwana yangu, minye nilizalaka moja sawa huyu."

Sikuwa najua. Mume wangu naye, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakuwa anajua. Kaku akakaa kwenye benchi, chupa ya uji mapajani, akatueleza. Ilikuwa katika ule wakati watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa majumbani mwao, wakalala stesheni na watoto na masufuria, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai. Yeye alikuwa na mimba. Mtoto alikuja kabla ya wakati, pale pale stesheni, nyuma ya vikwembe vilivyoshikwa na wanawake wenzake. Alikuwa msichana. Kaku alikuwa hana chakula tumboni, ana homa, na maziwa hayakuja. Wakampa mtoto maji ya sukari kwa kitambaa.

"Hakuna muntu alinifundisha kukamua. Hakuna alinifundisha kumufunga pa kifua. Nilimulalisha chini pa kikwembe, sababu nilikuwa naogopa kumuvunja. Alikufa na baridi, alikufa na njala, sijue. Njo minye nikiona mutoto mudogo sawa hivi, namuona iko na njala."

Mume wangu alikuja akachuchumaa mbele ya mama yake, akamshika magoti. Mimi sikuweza kuinuka, nimefungwa na mtoto. Ni muuguzi aliyesogea. Alichukua ile chupa ya uji taratibu, akaiweka juu ya kabati, akamwambia, "Mama, osha mikono. Vua blauzi."

"Minye?"

"Muke ya mutoto wako anapashwa kukamua, na hawezi kukamua muzuri na mutoto pa kifua. Weye pia uko na kifua."

Kaku aliosha mikono hadi viwiko, akarudia. Wakamfungia mtoto kifuani. Aliketi wima, macho kafumba, pumzi anaihesabu. Kisha, bila kufumbua macho, akasema, "Anapumua."

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yake. Asubuhi aliingia na chakula changu: bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki kutoka Kapolowe aliowapika na karanga kwa sababu alisema karanga zinaita maziwa. Nikila, yeye anafunga mtoto. Nikikamua, yeye anamwimbia kwa sauti ya chini nyimbo za kanisani za Kasai, na naamini ule utulivu ndio ulionifungua, maana nilipokuwa nakamua huku namsikia anaimba, matone yalianza kuwa mchirizi. Ikafika wakati kikombe kilijaa nusu, halafu chote. Mume wangu akitoka kiwandani alioga kwa maji baridi bombani, akavua shati, akachukua zamu yake. Wauguzi walimzoea. Kifua chake ni kipana, na mtoto alikuwa analala pale kama sarafu juu ya meza.

Mizani ndiyo iliyokuwa inanitia hofu. Siku za kwanza uzito ulishuka, wakasema ni kawaida. Baadaye ulisimama. Kila asubuhi wanampima, kila asubuhi mshale unarudi pale pale. Nilianza kuichukia ile sahani ya chuma. Dokta alisimama kando ya kitanda, akasema tukiendelea hivyo tutafikiria kuongeza maziwa ya kopo. Kaku aliniangalia. Nilijua alivyojizuia asitaje uji wake.

Muuguzi alikaa nami wakati nakamua. Alitazama kikombe, akaniuliza, "Mwanzo yanatoka sawa mayi, mwisho yanakuwa mazito, unaona?"

Sikuwahi kuangalia.

"Angalia. Ya mbele ni ya kiu. Mafuta iko nyuma. Sasa maziba yako ni mingi, hawezi kumaliza yote. Kamua ya mbele mu kikombe hii, ya nyuma mu ile. Yeye tutamupatia ya nyuma."

Alimweleza dokta, dokta akakubali tujaribu kwanza hivyo. Nilikamua katika vikombe viwili. Kweli, cha pili kilikuwa cheupe kizito, kikikaa kidogo kinaweka utando wa mafuta juu. Hicho ndicho kilichopita kwenye mpira. Asubuhi iliyofuata mshale haukusogea. Iliyofuata tena, ulisogea. Kidogo sana, dokta aliinama kuusoma, akainama tena. Kaku, ambaye macho yake hayaoni vizuri karibu, alisimama nyuma yetu akiuliza, "Inasema nini? Inasema nini?"

"Ameongeza, mama," nikamwambia.

Alipiga kigelegele ndani ya wodi ya watoto wachanga. Muuguzi alimkaripia, huku naye anacheka, na mama mmoja kitanda cha pili akaitikia kigelegele bila kujua sababu.

Kuanzia hapo hakurudi nyuma. Mpira ukatolewa, akawa anakunywa kwa kikombe kidogo, akilamba kama paka. Siku moja nilimweka titini kwa ajili tu ya kuzoea, sikutegemea kitu, nikasikia anavuta. Alivuta mara chache, akapumzika, akavuta tena. Nilimwita muuguzi kwa mkono, nikiogopa nikisema neno ataacha. Muuguzi akasimama pale mlangoni na chati yake, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kwa wagonjwa wengine. Ndipo nilipojua kwamba tutakwenda nyumbani.

Tulirudi mwezi wa saba, upepo wa kiangazi unapiga vumbi la mtaa wetu wa Kikula machoni. Nyumbani tulimbeba kifuani kwa zamu mpaka alipoanza kutusukuma kwa miguu, hataki tena. Nilinyonyesha zaidi ya miaka miwili. Niliporudi dukani, kaku alimleta kila adhuhuri, nikamnyonyesha nyuma ya mapipa ya rangi, na tajiri wangu akajifanya haoni.

Nilidhani hofu ilibaki hospitali. Kumbe ilikuwa imetufuata. Jirani yangu alijifungua mvulana katika mwezi ule ule. Wa kwake alikaa, wangu bado analala chali. Wa kwake alisimama, wangu ndiyo kwanza anakaa. Wanawake bombani wakaanza kuniuliza kama sina pesa ya kumnunulia maziwa ya kopo, au uji wa soya, au dawa fulani. Hawakuwa na ubaya. Lakini mtu akikuuliza kila siku juu ya mtoto wako, unaanza kumwangalia mtoto kama muulizaji.

Nilimrudisha kwa yule muuguzi. Alimlaza, akamnyoosha, akamgeuza, akamchezea na funguo zake. "Unahesabu tangu siku gani?" akaniuliza. Nikamwambia, tangu alipozaliwa. "Hapana. Hesabu tangu siku aliyopashwa kuzaliwa. Ile miezi alikopa. Usimulipishe mbio mbio." Nilirudi nyumbani nikihesabu upya, na kwa hesabu hiyo binti yangu hakuwa amechelewa, au alikuwa amechelewa kidogo tu. Alitembea likizo kubwa ya mwaka uliofuata, kati ya jiko na mlango, akimfuata kuku.

Alibaki mdogo, lakini. Mwembamba, mwepesi, na mwenye maneno mengi. Alipofika umri wa darasa la kwanza, mimi na kaku tulimpeleka shuleni, sare mpya imemzidi. Direktere, yaani mwalimu mkuu, mzee mstaarabu aliyefunga tai, alimwangalia kwa mashaka. Akamwambia apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ashike sikio la kushoto, kile kipimo ambacho sisi sote tulipimwa nacho. Mkono ulifika juu kidogo ya sikio ukakwama. Binti yangu akafikiri, akainamisha kichwa hadi begani, akalishika.

"Nimelishika!" akasema.

"Kichwa wima, mama," direktere akamwambia.

Kichwa kilipokuwa wima, sikio likawa mbali tena. Kaku hakuweza kuvumilia. "Direktere, huyu alizaliwa mbele ya siku yake. Sikio iko pale pale, ni mukono njo inakuya polepole."

Direktere alicheka mpaka akavua miwani. Lakini hakubadilisha uamuzi. Akasema darasa lina watoto wengi na wakubwa, atapotea mle. Tumrudishe mwaka unaofuata. Njiani binti yangu alikuwa anarukaruka, anataka maandazi. Mimi nilikuwa nimevunjika. Ilikuwa kama mshale wa ile mizani umerudi palepale.

Mume wangu ndiye aliyesema twende kwa dokta, tumuulize moja kwa moja. Dokta alikuwa ni yule yule, nywele zimepungua. Alimpima urefu ukutani, akampima uzito, akamwambia asimame mguu mmoja, akamwomba amsomee maandishi ya kalenda. Binti, aliyekuwa ameshajifunza herufi nyumbani, alimsomea, akamsomea na yaliyokuwa kwenye boksi la glavu. Dokta akachukua vipimo vyake vyote vya kliniki, akavipanga mezani, akachora kwa kalamu mstari unaopanda.

"Mama, unaangalia watoto wa wengine," akaniambia. "Angalia huu mstari. Uko chini, lakini haujavunjika hata pahali pamoja. Unapanda tu. Mtoto anayepanda hivi atafika."

Nikamuuliza lile lililokuwa moyoni miaka yote: ni maziwa yangu, au ningempa kopo angekuwa mkubwa zaidi?

Aliweka kalamu chini. "Kusema ukweli, siwezi kukupimia hivyo. Labda kopo lingemnenepesha upesi. Lakini matumbo yake ya wakati ule niliyaogopa sana, na watoto wa vile tuliwapoteza kwa matumbo. Huyu hakuugua hata kuhara. Na kichwa chake unakisikia mwenyewe kinavyofanya kazi. Maziwa yalifanya sehemu yake, na sehemu hiyo si ndogo."

Nilitoka pale miguu myepesi. Mume wangu alitununulia soda watu wote watatu, tukanywa tumesimama juani, binti yetu akitusomea majina ya maduka.

Mwaka uliofuata alilishika sikio mbele ya direktere bila kufikiri, kichwa wima, na akaongeza kulifinya. Mwanzoni alikaa dawati la mbele. Mwalimu wa darasa la tatu alimrudisha katikati. Sasa anakaribia kumaliza shule ya msingi, na kwenye mstari wa asubuhi lazima nimtafute, maana haonekani tena kwa udogo wala kwa ukubwa. Yuko tu kati ya wenzake, na mimi husimama kwenye lango nikifurahia taabu hiyo ya kumtafuta. Yule mvulana wa jirani bado anamzidi kwa kichwa kizima. Simwangalii tena.

Jumapili iliyopita, tukitoka misa, alisimama mgongo kwa mgongo na kaku uani, akamwita baba yake aje kuangalia. Mume wangu aliweka kiganja juu ya vichwa vyao, kikainamia upande wa kaku.

"Nimekupita, kaku!"

"Kidogo tu," kaku akasema, akijinyoosha. "Na weye umevaa viatu."

Akavua viatu. Akasimama tena. Bado alikuwa amempita. Kaku alimgeukia, akamtazama kutoka miguuni hadi kichwani, akamshika mapaja juu ya sketi akayafinya kama mtu anayechagua kuku sokoni. Akaridhika. Kisha akamtuma ndani akashushe beseni kubwa kutoka juu ya kabati, lile ambalo yeye halifikii, tuanze kuosha sombe.